Kokwa ya Tisa

Ukitaka kumjua Léopold, mtazame anavyokaa kwenye kiti. Hakai, anatua. Tako moja ndani, tako moja nje, na mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Kule makazi ya wakimbizi, Nchelenge, kando ya ziwa, majirani walishamzoea. Ukimwalika kula unampa sahani mkononi, maana atakula huku akizunguka uwanja wako na kuuliza ile kamioni iliyopita asubuhi ilikuwa ya nani na ilielekea wapi.

Labda kazi ndiyo iliyomharibu, au labda alitafuta kazi ya kufanana naye. Kwao, upande wa Moba huko Kongo, alikuwa mpandaji wa michikichi, ambayo wao wanaiita mingazi. Mpandaji hana kijiji. Anaitwa hapa kukata mikungu, anaitwa pale, analala siku tatu, anapewa mkungu wake, anakunja kamba yake ya kupandia na kushika njia. Léopold aliyapenda maisha hayo kuliko mafuta yenyewe. Akiwa juu kabisa, kamba imemkaza kiunoni, aliweza kuona paa za kijiji kinachofuata, na kabla hajamaliza kukata mkungu mmoja moyo wake ulikuwa umeshafika huko.

Mti wenyewe aliujua vizuri, hilo nani angembishia. Alijua mchikichi una moyo mmoja tu, kule juu katikati ya makuti machanga, na ukiugusa kwa panga umeua mti mzima, kwa sababu hauna tawi jingine la kukimbilia. Alijua jeraha la shina lake halifungi kamwe. Vidato alivyovichonga babu yake kwa shoka vilikuwa bado vinashika vidole vya miguu yake. Alijua mti huohuo unaweza kutoa maua ya kiume kwa miezi kadhaa, halafu ukageuka na kutoa ya kike, kadiri mvua inavyoupendeza. Lakini yote hayo aliyajua kutoka juu. Pale chini, mahali mti unapoanzia, hakuwahi kukaa muda wa kutosha kuona lolote.

Mke wake Brigitte alitoka kwa watu wa namna nyingine kabisa. Baba yake kila alipopata mtoto alipanda mchikichi nyuma ya nyumba, na kitovu cha mtoto kilipokatika kilizikwa kwenye shina lake. Ndugu wanne, michikichi minne. Ukimuuliza Brigitte kwao ni wapi hakuwa anakutajia kijiji, alikuwa anakutajia mti wa pili kutoka jikoni. Sasa mwanamke wa aina hiyo akaolewa na mtu wa kamba. Kitovu cha Sagesse, binti yao wa kwanza, kilizikwa Moba, kwenye kiwanja cha mwenye nyumba. Cha wa pili kilizikwa Pweto, walipokuwa wanakimbia vita. Cha wa tatu kilizikwa Chienge, baada ya kuvuka mpaka, chini ya uzio wa watu wasiojua hata jina la mtoto. Vita iliwahamisha mara mbili. Mara nyingine zote ilikuwa miguu ya Léopold.

Huu ulikuwa mwaka wao wa pili Nchelenge. Brigitte alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mvua za Novemba ndiyo kwanza zinaanza, Léopold alipoanza kuitaja Mwansabombwe, mji wa upande wa kusini. Ilikuwa dalili mbaya. Alisema amesikia kuna mtu mwenye shamba kubwa la michikichi anataka wapandaji, alisema udongo wa huko ni mweusi, alisema watu wake ni wakarimu. Brigitte alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao. Alimaliza kusonga, akaweka mwiko chini, akasema bila kupandisha sauti.

"Papa Sagesse, nilizaa batoto batatu, na kitovu ya kila mumoja nilizika kwa parsele ya mutu mwingine. Huyu wa ine, apana. Panda muti. Siku nitazaa, nikute kuko muti hapa. Kama haiko, naenda na batoto Kashikishi kwa yaya yangu, na weye uende kule miguu inakutuma."

Kaka yake huyo, Dan, alikuwa na kibanda cha samaki wakavu sokoni Kashikishi, na nyumba ya vyumba vitatu. Halikuwa tishio la mdomoni.

Basi Léopold akaanza kutafuta mti, na kwa kuwa ni Léopold, aliutafuta kwa kutembea. Mwembe au mpera hakuufikiria hata kidogo. Mpandaji anajua mti mmoja tu na ndugu zake. Alikwenda mtoni akatazama mikindu, inayotoa mashina kumi kutoka kitako kimoja, akaona hakuna atakayeamini kuwa ameipanda yeye, maana imejaa kila kinamasi. Akatazama miwale, ile ambayo makuti yake marefu watu wanatengenezea viti na vitanda. Mwale unakaa miaka mingi kimya, unatoa maua mara moja tu katika maisha yake, unazaa, halafu unakufa ukiwa umesimama. Alijua Brigitte angesema nini kuhusu mti unaotoa mara moja na kuondoka, na angemtaja nani. Mkoche alioukumbuka kutoka safari zake ni ule unaogawanyika vichwa viwili, na kila kichwa kinashika njia yake. Huo pia akaupita haraka. Mchikichi wenyewe ndio ungefaa, ila mbegu zake ni kaidi, zinaweza kulala ardhini mwaka mzima zikingoja joto, na yeye alikuwa na miezi minne.

Siku ya soko alimkuta Kashikishi mama mmoja aliyevuka ziwa na kikapu cha matunda ya mvumo. Matunda makubwa, rangi ya chungwa, yananukia mpaka kwenye vibanda vya samaki, na kushinda harufu ya samaki wa Kashikishi si jambo dogo. Mvumo ni jitu. Shina lake limenyooka, limevimba katikati, na mpandaji yeyote akilitazama anavua kofia. Mama yule alimwambia mivumo ina dume na jike, kila mti na jinsia yake, na huwezi kujua umepanda nini mpaka utoe maua, kwa hiyo upande mingi. Léopold akanunua matunda matatu. Kila tunda lilikuwa na kokwa tatu. Alizifukia zote tisa kwa mstari mmoja upande wa mashariki wa nyumba, akaziwekea vijiti.

Jirani yao Cadette alicheka mpaka akakaa chini. Mvumo, alisema, unazaa baada ya miaka ishirini, pengine thelathini, na huyu ni Léopold ambaye hajawahi kungoja muhogo ukomae. Brigitte hakucheka. Alivitazama vile vijiti tisa kwa muda, akafikiri kwamba mwanaume anayepanda mti wa miaka thelathini ama amebadilika kweli, ama ametunga uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kutunga. Hakujua ni lipi, na hilo lilimsumbua.

Wiki nne zikapita. Udongo ukanyamaza.

Mtu mwingine angeuacha. Léopold hakuweza. Alikuwa anaamka, anakwenda kwenye vijiti, anachuchumaa, anasimama, anakwenda barabarani, anarudi, anachuchumaa tena. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Kwake hata ufa haukuwepo. Asubuhi moja Brigitte alipokwenda pompi kuteka maji, Léopold alichukua jembe na kuifukua kokwa ya kwanza. Ilikuwa na kikia cheupe, kifupi, laini. Akasema ni mzizi wa nyasi umejishika pale. Akairudisha, akafukia, akasawazisha udongo kwa kiganja ili mkewe asione. Baada ya siku kumi akaichimba tena, akakuta kikia kimekauka na kokwa imekufa.

Akaenda kwenye ya pili. Hii alipoivuta ilimgomea kidogo, kitu kikakatika chini, ikatoka na kamba nyeupe ya urefu wa kidole. Mzizi tena, alisema, haya majani ya huku yana nguvu. Aliipasua kwa panga. Alitegemea kukuta ile nyama ngumu ya kokwa, akakuta sponji nyeupe, laini, imejaa maji. Imeoza, akajiambia. Sagesse alikuwa karibu, akaokota kipande, akakitia mdomoni, akasema ni tamu. Baba yake alimwambia ateme, hakuna kilichooza chenye utamu wa kuaminika. Mtoto hakutema, na baba hakufikiria zaidi. Januari ilipokwisha alikuwa ameshachimba saba, kila moja kwa siri, kila moja akitumaini itamkanusha, na kuanzia ya pili kila moja ilikatika chini na kutoka na sponji. Brigitte aliona tu kwamba vijiti vinapungua. Akadhani ni mbuzi wa Cadette.

Mwezi wa pili choo chao kikabomoka kwa mvua, na kamati ya afya ikawapa siku chache wachimbe kingine. Léopold akaonyesha mahali pa kuchimba: mwisho wa ule mstari, karibu na kokwa ya nane. Alishakata tamaa na hizo mbili zilizobaki. Mchimbaji alikuwa Kabamba, mvuvi wa Kashikishi, maana miezi hiyo ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, na wavuvi wanachimba chochote kinachochimbika. Kiswahili cha Kabamba kilikuwa cha sokoni, cha kupatana bei na Wakongo, lakini kilitosha.

"Ba Léopold, mukwai," aliita kwa heshima kutoka shimoni. "Kuya hapa. Iko kitu inashuka."

Léopold aliinama kwenye ukingo. Jembe la Kabamba lilikuwa limekata ukuta wa shimo safi, na kwenye ukuta huo, kutoka kokwa ya nane iliyokuwa karibu na uso wa ardhi, ilishuka kamba nyeupe, nene kama kidole gumba, imenyooka moja kwa moja kwenda chini. Ilishuka mpaka usawa wa kiuno cha Kabamba. Mwisho wake ilikuwa imevimba, na kutoka kwenye uvimbe huo mizizi ilikuwa imetawanyika. Kabamba akaupasua uvimbe kwa ukucha. Ndani mlikuwa na jani la manjano hafifu, limekunjwa likakunjika kama kitenge sandukuni, ncha yake ikitazama juu.

Léopold akakaa chini kwenye udongo, makalio yote mawili. Mti ulikuwa unakua. Miezi yote hii ulikuwa unakua kwenda chini. Kabla haujatoa hata jani moja hewani ulikuwa unaushusha moyo wake ardhini, mbali na moto wa kiangazi unaopita porini kila mwaka, mbali na kwato na ukame, na ile sponji tamu ilikuwa chakula chake cha safari. Hakuna kilichooza. Saba alizivunja yeye, kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuweza kukaa. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu awe mtu mzima, na chini ya aibu hiyo aliona furaha, na furaha ndiyo iliyomnyanyua mbio kwenda pompi kumwita mkewe.

Brigitte alikuja taratibu, miezi minane tumboni, ndoo kichwani. Njiani mvua ikawashika. Walipofika ukuta wa shimo ulikuwa umeporomoka wote, Kabamba amejibanza chini ya paa na mkononi ameshika kokwa yenye kipande cha mkia. Léopold alieleza kwa mikono, akachora hewani, akamtaka Kabamba atoe ushahidi, na Kabamba akatoa, kwa moyo wote. Brigitte alikitazama kile kipande, akasema ni nyasi. Kuhusu Kabamba alisema kwamba mtu anayengoja sahani ya bukari ataona chochote anachoambiwa aone.

Ikabaki ya tisa, hatua nne kutoka shimoni, na kijiti chake.

Hapo ndipo Léopold alipoanza kuteseka hasa. Zamani alichimba kwa sababu hakujua, na sasa alijua, na kujua hakukumsaidia. Je, kama hii kweli imeoza? Je, kama maji ya shimo yameizamisha? Jawabu lilikuwa pale pale, nusu dakika ya jembe. Aliizungushia mabua. Alifukuza kuku wa nchi nzima. Alikuwa anatembea mpaka ziwani bila haja yoyote, anatazama mitumbwi iliyoinuliwa mchangani, anarudi, na mikono bado inawasha. Aliacha kulala vizuri. Mwishoni alifanya kile anachokijua: alikwenda kwa Elliot, aliyekuwa anaandikisha wapandaji wa lile shamba la Mwansabombwe, akaandikisha jina. Kamioni ingepita Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Machi. Hakumwambia Brigitte. Mume wa Cadette alikuwa ameandikishwa pia, kwa hiyo Brigitte alijua kabla ya chakula cha mchana. Alituma ujumbe kwa Dan amwandalie chumba.

Mtoto alizaliwa Jumanne, siku sita kabla ya kamioni, kliniki, msichana mwenye sauti kubwa. Brigitte alipofika nyumbani alipita moja kwa moja upande wa mashariki. Kijiti, mabua, udongo mtupu. Akaingia ndani. Mtu akikutukana una la kumjibu. Léopold hakutukanwa, akabaki anazunguka nyumba.

Jumatatu ya kamioni, asubuhi, kitovu kikakatika. Brigitte alikifunga kwenye kitambaa safi, akamwachia Sagesse mtoto, akachukua jembe. Léopold alikuwa uwanjani, mfuko begani, kamba ya kupandia shingoni, amesimama kama mtu asiyejua kama anakuja au anakwenda. Alimwona mkewe anang'oa mabua na kusimama juu ya kokwa ya tisa. Hakujua amefikaje pale, ila mkono wake ulikuwa umeshika mpini wa jembe.

"Acha," alisema. "Usichimbe hapo."

"Nionyeshe muti," Brigitte alisema. "Nikiiona, nitazika hapa. Nisipoiona, nitazika Kashikishi. Ni hivyo tu."

"Sina kitu ya kukuonyesha. Ukichimba, utaiona. Na kisha kuiona, haiko tena." Akaelekeza kidevu kwenye ule mstari mtupu. "Si mbuzi ya Cadette, Mama Sagesse. Ile saba, ni miye niliua. Kila siku ulienda ku pompi, nilichimba. Niliogopa nimekudanganya, njo nikachimba, na kule kuchimba njo kuliua. Niko naogopa hata sasa. Nikibaki hapa nitachimba. Njo sababu nilitaka kuenda."

Brigitte alikuwa na miaka kumi na mbili katika ndoa hii. Alikuwa amesikia habari za udongo mweusi, za watu wakarimu, za kazi inayongoja ng'ambo ya kila mto. Hakuwahi kumsikia mumewe akisema naogopa. Barabarani, karibu na kanisa, kamioni ilipiga honi. Ikapiga tena, ndefu. Wote wawili waliisikia, na mfuko ulikuwa bado begani mwa Léopold.

"Inakuita," Brigitte alisema.

"Nimesikia."

Hakuondoka, wala hakuachia mpini. Brigitte aliusubiri mguu wake usogee, maana aliujua mguu ule. Kamioni ikanguruma, ikabadilisha gia kwenye kona, ikaelekea kusini na mume wa Cadette ndani yake. Kuna wanaume wanaobaki nyumbani bila kutokwa jasho. Léopold lilimtoka.

Brigitte aliliachia jembe. Alipiga magoti taratibu, akapima mkono mzima kutoka kwenye kijiti, akachimba kwa vidole, si kwa kina, akaweka kile kitambaa na kukifukia. Akabaki amepiga magoti, kiganja juu ya udongo.

"Itatoka lini?" aliuliza.

"Sijui. Mwezi wa saba. Mwezi wa nane. Pengine dume, haitazaa hata siku moja."

"Na kama haitoki?"

"Nitapanda ingine. Lakini sitaangalia." Akamsogezea jembe. "Chukua hii, ufiche. Usiniambie kwenye umeiweka."

Brigitte alicheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze, akiwa amejishika tumbo ambalo bado liliuma tangu kujifungua. Alilichukua jembe akaingia nalo ndani, na Léopold akageuka upande wa barabara kwa uaminifu kabisa, mpaka aliposikia kitanda kikilia.

Mpini wa jembe lile ulikuwa mrefu kuliko upana wa kitanda. Jioni ileile, alipoinama kuvua ndala zake, aliuona umechomoza chini ya godoro, shibiri nzima. Brigitte alikuwa ameelekea ukutani akinyonyesha. Léopold akausukuma mpini kwa mguu, polepole, mpaka ukapotea, mkewe asije akajua kwamba amejua, kisha akatoka nje kwenda kuutazama udongo.